Nusu Kikombe cha Chai

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, Kasuku alimpandisha babu yake kwenye mizani, akaandika uzito daftarini, kisha akambonyeza muundi kwa kidole. Shimo la kidole likichelewa kufutika, maji yalikuwa yamezidi mwilini. Mwaka wa nne huo moyo wa babu ulikuwa umechoka, naye alilala ameegemea mito mitatu ili apate pumzi. Jina la Kasuku alilitoa yeye, maana mjukuu huyo hakujua kunyamaza.

Jumatatu hiyo Kasuku na mama yake walimpeleka babu hospitali kupigwa picha ya moyo. Alikuwa amekatazwa chai na kahawa tangu jana yake. Lakini asubuhi kabla hawajatoka, mama alipokuwa anaoga, babu alinong'ona, "Nitilie chai mjukuu wangu, ya kulowesha ulimi tu."

"Mama amekataza, babu."

"Huyo mama yako nimemzaa mimi."

Kasuku alicheka, akampa nusu kikombe, kisha akakisuuza upesi.

Hospitalini, mpiga picha, mwanamke mmoja mwenye miwani, aliandaa sindano. "Mzee, hii inapanua mishipa ya moyo. Halafu nitakuchoma dawa yenye mionzi kidogo. Damu inapofika patang'aa, isipofika patakuwa giza. Hukunywa chai?"

"Sikunywa," babu alijibu, akitazama viatu vyake.

"Kwani chai ina nini?" Kasuku aliuliza.

"Inaizuia dawa hii. Mishipa inaweza kuwa imeziba, lakini picha ikaonyesha mizima. Tunamrudisha mtu nyumbani na ugonjwa wake, tunamwambia hana neno."

Kasuku aliinamisha kichwa. Mama yake akamgeukia. "Leo umemeza ulimi?"

Babu alimkazia macho. Lakini Kasuku aliona sindano inasogea mkononi mwake.

"Alikunywa," alisema. "Nusu kikombe. Nilimpa mimi."

Mpiga picha aliirudisha sindano kwenye sinia. "Basi leo hatupigi. Rudini Jumatano."

"Umenivua nguo mbele za watu," babu alisema, na njia nzima hakumsemesha tena.

Jumanne Kasuku alikwenda shule na majani yote ya chai ndani ya mkoba wake. Jumatano picha ilipigwa. Daktari aliwaonyesha upande mmoja wa moyo uliokuwa giza baada ya dawa ya kupanua mishipa, na picha iliyopigwa moyo ukiwa umepumzika, bila dawa hiyo, ambapo upande huohuo uling'aa. "Nyama hii ingali hai," alisema. "Inanyimwa damu tu. Tutauzibua mshipa wake."

Miezi miwili baadaye, mshipa ukiwa umekwisha kuzibuliwa, babu alikuwa akilalia mto mmoja. Asubuhi moja, akiwa juu ya mizani, alimshika Kasuku bega.

"Siku ile niliona umeniaibisha. Kumbe aibu nilijitia mwenyewe, nikakufundisha na wewe kuficha. Mgonjwa akimficha daktari, anaidhulumu roho yake. Ukijua kweli, iseme, hata kama anayekukazia macho ni mimi. Mungu akutunzie ulimi huo."

Kasuku aliandika uzito, akainama, akambonyeza muundi. Shimo lilifutika papo hapo.