Mitego ya Saide

Rafiki yangu Filipo, askari wa wanyamapori, hasimulii jambo hili mpaka afunge mlango kwanza. Alitumwa Mahurunga kung'oa mitego ya nyaya iliyoachwa na Saide, mwindaji aliyefariki wiki mbili nyuma. Kijijini hakuna aliyeitikia salamu yake. Lucinda, mjane wa Saide, alimwelekeza njia huku amempa kisogo.

“Ukifika, gonga mti umwite mwenyewe kwa jina. Mtego wa mtu hauteguliwi kimyakimya.”

“Jangili simwombi ruhusa, mama. Awe hai, awe maiti.”

“Haya, nenda na ubishi wako.”

Asubuhi akaacha pikipiki ukingoni, akavuka tope la bahari iliyokupwa, akaingia kichakani. Jua lilikuwa kali, lakini mle ndani mlikuwa na giza kama stoo. Akakata mitego kumi na mmoja bila kutamka neno. Alipomaliza, alasiri, tawi likafyatuka nyuma yake, pwaa! Kisha akasikia waya ukikaza taratibu, kwiii, kama umenasa kitu chenye uzito. Na mitego yote alikuwa nayo begani.

Hakugeuka. Alitimua mbio, akavuka tena lile tope. Maji ya bahari yalikuwa yamejaa na kupwa, yamefuta nyayo zake zote za asubuhi. Alipofika kwenye pikipiki ndipo akatazama nyuma.

Nyayo za buti lake la kushoto zilitoka kichakani mpaka pale aliposimama. Za buti lake la kulia, lilelile alilovaa, lenye kisigino kilichopasuka, zilianzia pale aliposimama, zikarudi kichakani.