Choo cha Pili cha Mzee Gona

Kila alfajiri Thoya alipanda minazi kule Magogoni kugema tembo, pombe ya mnazi. Alikuwa fundi. Minazi kumi na miwili aliimaliza kabla jua halijawa kali.

Lakini mwaka ule wa 1944 mambo yalimgeukia. Akila kidogo tu, tumbo lilijaa upepo na kuvimba. Maumivu yalikuja, yakaondoka, yakarudi. Siku moja, katikati ya mnazi, moyo ulimwenda mbio na kiza kikamfunika macho. Aliukumbatia mnazi kwa nguvu, akashuka polepole. Aliogopa sana. Mgema asiyeweza kupanda atailisha nini nyumba yake?

"Ni huu unga wa njano wa wakati wa vita," alisema baba yake, Mzee Gona. "Matumbo yetu hayakuuzoea."

Kahaso, mke wa Thoya, aliacha kutwanga.

"Baba, unga huo twala sote. Mbona avimbaye ni mwenzangu peke yake? Na aende zahanati."

Mzee Gona hakupenda kushindwa na maneno. Akasema naye atakwenda, akausikie uongo wao kwa masikio yake.

Dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari, alikuwa kijana wa bara, jina lake Kefa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu huyu aumwa kwa ajili ya unga."

Kefa akatabasamu, akamsikiliza Thoya akieleza habari ya tumbo na moyo. Akamfunua Thoya jicho kwa chini. Ndani palikuwa peupe.

"Huna damu, kaka. Je, miguu inakuwasha katikati ya vidole?"

"Sana! Hasa wakati wa mvua. Umejuaje?"

Kefa akafungua kabati. Alimpa kikopo kidogo, akamwambia alete choo chake kesho asubuhi.

"Makubwa haya!" alisema Mzee Gona. "Mtu mzima abebe kinyesi njiani kama zawadi!"

Hata hivyo kesho yake walirudi, na kikopo kikiwa kimefungwa vizuri. Kefa aliweka chembe ya kile choo juu ya kioo chini ya hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo. Thoya akainama. Aliona mayai madogo, meupe, mengi.

"Hayo yametoka tumboni mwako," alisema Kefa. "Sasa tazama haya maji. Yametoka kwenye mchanga niliouchanganya na choo cha mgonjwa mwingine. Umekaa wiki nzima."

Thoya alitazama. Ndani ya tone moja la maji, minyoo myembamba ilikuwa ikijinyonganyonga.

"Baba! Iko hai!"

Mzee Gona akatazama. Akainua kichwa, akakiangalia kile kioo kwa macho matupu. Aliona maji tu. Akainama tena, na minyoo ilikuwepo vilevile. 

"Mulungu wangu," alinong'ona. "Miaka yote hii nakanyaga vitu hivi?"

"Hii ni safura," alisema Kefa. "Mtu akijisaidia vichakani, mayai huanguliwa kwenye mchanga wenye unyevu. Minyoo hungoja mguu mtupu. Hupenya ngozi, huingia damuni, na mwisho hufika utumboni. Huko hukua na kunyonya damu. Ndiyo sababu ya maumivu yako na moyo kwenda mbio. Je, nyumbani mna choo?"

"Tunacho!" alisema Mzee Gona kwa majivuno. "Bwana Afya wa serikali mwenyewe alikisifu."

"Nani hukitumia?"

 Thoya alikuna kichwa.

"Kuku," alisema mwishowe. "Hutaga humo."

Kisha akaeleza. Kwao baba mkwe haingii choo anachoingia mkazamwana wake. Ni aibu kubwa. Basi kwa kuheshimiana, wote walikwenda minazini.

"Minazi ileile unayoipanda kwa miguu mitupu?"

Thoya akaitazama miguu yake.

Kefa hakumcheka. "Heshima ni nzuri, kaka. Dawa nitakupa, na wote wa nyumbani waje wapimwe. Lakini mkiendelea hivyo, utaugua tena."

"Serikali iliamuru choo kimoja," alisema Mzee Gona.

"Ilikataza viwili, mzee?"

Mzee Gona alimgeukia mwanawe, akamuuliza jembe liko wapi.

Thoya alikunywa dawa ya minyoo, akapewa na vidonge vya kuongeza damu. Mzee Gona alichimba shimo la choo cha pili upande wa pili wa boma kwa mikono yake, akakataa msaada. Kuku walifukuzwa kwenye choo cha kwanza. Thoya alinunua katambuga, viatu vya mpira wa gari, akawa anavivua shinani mwa mnazi tu, miguu ikitoka kwenye kiatu na kushika mti.

Baada ya miezi mitatu Kefa alimpima tena, asione hata yai moja. Kesho yake Thoya alipanda mnazi mrefu kuliko yote bila kupumzika. Tumbo lilikuwa jepesi, moyo umetulia. Alitazama mchanga kule chini, mweupe na mtulivu, akastaajabu jinsi ulivyoweza kuficha jambo kubwa namna ile.

Kule bomani Mzee Gona alikuwa akitoka chooni kwake, Kahaso naye akitoka kwake. Wakakutana njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kila mmoja akapita na heshima yake. Thoya alicheka peke yake huko juu, kisha akaendelea kugema.