Noelene Agombea Wirrabin

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Noelene Prowse alimpakia mumewe, Kelvin, kwenye pikapu alfajiri. Figo za Kelvin zilikuwa zimechoka. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mjini, kilomita mia moja na themanini. Kijijini kwao Wirrabin palikuwa na zahanati, lakini mashine hapakuwa nayo.

Noelene alimwandikia mbunge mara tatu. Mara tatu alijibiwa barua ileile: asante kwa maoni yako. Miaka tisa mbunge hakuwa amekanyaga Wirrabin.

Uchaguzi ukakaribia. Noelene alikuwa katibu wa chama cha upinzani, kilichoambulia kura kumi na moja pale mara ya mwisho. Ofisa wa chama akapiga simu.

"Mama, safari hii kwenu hatuweki mgombea. Hatupandi ngano juu ya mwamba."

Noelene aliudhika hasa. Akaenda kwa jirani yake, Effie Kalafatis, aliyesimamia kuhesabu kura kwa miaka thelathini.

"Wanasema kweli, Effie. Hatushindi."

"Kushinda hamshindi," Effie alisema huku akimenya viazi. "Lakini asiyekuwepo na lake halipo. Siku ya kura, bila mgombea, nani atasimama kwenye geti la shule agawe vikaratasi vyenu vya kuwaelekeza watu namna ya kuwapigia kura?"

"Hakuna."

"Basi. Mpiga kura hupewa karatasi mbili. Ndogo ni ya mbunge wa hapa. Kubwa ni ya baraza la juu la bunge, na huko kura za kila mji hujumlishwa pamoja, viti vikagawanywa kwa hesabu hiyo. Kura zenu kumi na moja zinahesabika huko. Mkijificha, mtazikosa hata hizo."

"Na mbunge?"

"Ana kura zote mfukoni, aje kutafuta nini? Mpe mtu wa kumkosesha usingizi, utaona."

"Mtu gani?"

Effie alimnyooshea yeye kisu cha viazi.

Noelene akawapigia simu makao makuu ya chama siku nne mfululizo mpaka wakakubali agombee yeye. Mama yule ana shingo ngumu, na safari hii ilimfaa.

Kelvin alicheka mpaka akakohoa. Yeye tangu ujana alikipigia kura chama cha mbunge. "Mheshimiwa," alimwita, "chai yangu iko wapi?"

"Muulize mbunge wako."

Wiki sita Noelene alipita shamba kwa shamba. Aliingia mabanda ya kukatia manyoya ya kondoo, akafukuzwa na mbwa, akarudi kesho yake. Kila mahali alisema jambo moja: mashine Wirrabin. Wiki ya nne, mbunge akatokea. Wiki ya tano akaja tena, akaingia zahanati na kuuliza maswali.

"Kumbe njia anaijua," Kelvin alisema. Siku hiyo hakucheka.

Jumamosi ya kura, wazazi wa shule, ambayo ndiyo kituo cha kura, walichoma soseji na vitunguu uani kuwauzia wapiga kura kama kawaida. Noelene alipofika, alimkuta Kelvin getini, ameketi kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, vikaratasi vya mkewe mkononi.

"Karatasi kubwa msiisahau," alikuwa akiwaambia watu.

Noelene akachukua nusu ya vikaratasi, akasimama upande wa pili wa geti.

Alishindwa, tena vibaya. Lakini pale Wirrabin kura kumi na moja zilifika hamsini na nne. Katika baraza la juu chama chake kilipata kiti cha mwisho kwa tofauti ya kura chache sana, na ofisa yule akapiga simu kushukuru.

Mwaka uliofuata mashine ikaletwa. Mbunge akakata utepe na kusema ni jitihada zake. Noelene akapiga makofi.

"Na wewe unampigia makofi?" Effie alinong'ona.

"Mashine imekuja, Effie. Mwache na mkasi wake."

Jumatatu Kelvin alitoka zahanati akarudi nyumbani kwa miguu yake, dakika saba.

"Uchaguzi ujao utashindwa tena, unajua," alimwambia mkewe mlangoni.

"Najua. Kiti chako cha getini kifute vumbi."