Kitambaa cha Kuonyesha Kamera

Je, mmewahi kujiuliza kamera inajuaje kwamba nyeupe ni nyeupe? Haijui. Huonyeshwa. Taa za ukumbini zina rangi yake na jua lina rangi yake, kwa hiyo kila pahali mpiga video huiwekea kitu cheupe mbele ya jicho, akabonyeza kitufe, kama kuiambia: hii ndiyo nyeupe, nyingine zote zipime kwa hii. Ukiidanganya hapo, itadanganya mpaka harusi iishe.

Ndivyo walivyokutana. Mlangoni mwa ukumbi watu wanasukumana, fundi wa magauni kapiga magoti anashona pindo la bibi harusi, futi shingoni, pini mdomoni. Kijana mwenye shati la maua na kamera begani akamwinamia.

"Dada, niazime kitu cheupe. Karatasi yangu imelowa."

"Meno yangu hayatoshi?"

"Yanatosha, ila sitaweza kukuchekesha dakika nzima."

Pini nusura azimeze. Akampa kipande cha pamba. Kiliporudishwa, alikipiga pindo kwa mkono, pembe zote nne, akampa moja kwa moja.

"Kaa nacho. Usije ukaazima kwa mwingine."

Tangu hapo wakawa Fundi na Kamera, ndivyo walivyoitana. Simu zikawa hazikatiki.

"Fundi wangu, hapa nilipo nimemshika mpenzi mkononi."

"Nani huyo?"

"Mweupe, ana pindo pembe nne."

"Mjinga wewe!" Akacheka mpaka uzi wa cherehani ukajisokota.

Mwaka wa tatu mama yake Fundi alitoka hospitali amekonda, akataka apigwe video angali na sauti. Kamera akamkalisha karibu na dirisha, na gauni lake la kijani aliloshonewa na bintiye. Mama akaongea saa nzima, akamwita Kamera mwanangu. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Siku ya tatu wakawasha televisheni. Mama akatokea na uso wa bluu, midomo kama ya maiti.

"Umefanya nini?" Fundi akasimama. "Kazi za watu unazipiga vizuri, ya mama yangu ndiyo unalipua?"

Kamera akaizima televisheni.

"Si useme neno!"

Alibeba begi lake akatoka. Fundi akangoja simu mwezi, akangoja nusu mwaka. Aliyemchumbia baadaye alikuwa mwema, muuza vitasa, hana neno na mtu. Walioana bila video.

Ikapita miaka minne, ukumbi uleule, pindo la bibi harusi mwingine. Fundi akainua macho, akamwona Kamera kashika karatasi mbele ya mashine yake.

"Siku hizi karatasi?"

"Karatasi naitupa kabla haijazeeka." Akatia mkono mfukoni, akatoa kitambaa. Pindo lilelile, rangi ya chai ya maziwa. "Hiki kilikuwa kinageuka manjano kidogo kidogo kwa jasho langu. Naiambia kamera hii ndiyo nyeupe, nayo inaamini, inawatia watu wote bluu. Kijidirisha ninachochungulia hakionyeshi rangi. Wateja walinung'unika, nikadhani televisheni zao mbovu. Kwa mama ndipo nilipoelewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kitambaa chako ndicho kilichomharibu mama? Siku ya tatu tangu tumzike?"

"Ungetafuta kingine zamani."

"Ulinikataza kuazima kwa mwingine."

Nje honi ikalia mara mbili. Mume wa Fundi huyo, amemfuata.

"Dada fundi, tayari?" bibi harusi akauliza.

"Tayari, mwaya. Nenda."

Akabaki pale chini magotini. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma zote kwenye kimto chake, na mdomo ulipokuwa mtupu akasema:

"Kesho yake baada ya kukufokea nilikata kingine. Nikakipiga pindo, nikakaa nacho mlangoni. Nilitaka uje uniombe. Hata usiseme kitu, Kamera. Nilitaka uje tu."