Tofali la Ambindwile

Siku ya soko, mvua iliwasukuma watu wote kwenye baraza la Ukumbi wa Kumbukumbu mjini Tukuyu. Atuganile, karani aliyevaa koti jekundu la mtumba, akamkanyaga mguu fundi mwashi mwenye kofia iliyojaa chokaa.

"Unangoja nini, dada?"

"Mvua ikatike."

"Hapa Tukuyu? Basi umehamia."

Atuganile alicheka. Hakuwa amecheka siku nyingi. Aliishi Lufingo na bibi yake, wawili tu, nyumba kimya kuanzia magharibi.

Fundi aliitwa Faraji. Walipopendana, Atuganile alimwingiza ukumbini, akamwonyesha madirisha marefu na ukuta wa mashariki. Kila familia ilichoma tofali lake, ikachonga jina la mtu wake aliyefia vitani Burma.

"Huyu babu yangu, Ambindwile. Hana kaburi. Bibi hulilia hapa."

Mwaka 1993 mfanyabiashara wa mitumba aliukodi ukumbi, akataka ukuta wa mashariki ubomolewe apate milango ya maduka. Faraji alipata kazi hiyo, asimwambie Atuganile. Atuganile alipopita, alikuta ukuta uko chini.

"Faraji! Nilikuonyesha kwa mkono wangu!"

"Mpenzi, ningekataa wangemwita fundi mwingine."

"Wangemwita. Huyo nisingekuwa nampenda."

Faraji akapiga simu ofisini kwa Atuganile, akapokea mwenyewe.

"Atuganile yupo?"

"Hayupo."

"Mbona nasikia sauti yake?"

"Sauti tu. Mwenyewe hayupo."

Atuganile akakata. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimpigia.

Jumamosi Faraji alipanda Lufingo na tofali la Ambindwile ndani ya kanga. Alikuwa amelitoa kabla ya kubomoa ukuta, likamkatikia mikononi; aibu ikamziba mdomo.

"Shikamoo bibi. Nimelivunja."

Bibi Esnath aliunganisha vipande magotini, akapapasa jina la mumewe.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umemleta nyumbani. Chukua jembe, tumzike."

Faraji akachimba migombani. Bibi akapiga yowe la msiba alilolizuia tangu ujana wake. Majirani wakaja, wanaume wakakoka moto uani.

Atuganile alisikia kilio akitoka dukani, akakimbia akidhani bibi amekufa. Alimkuta mzima, amezungukwa na wanawake, na Faraji anasawazisha udongo; bibi akamweleza habari ya tofali.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliogopa."

"Nilibaki peke yangu, Faraji. Unaijua nyumba hii."

"Naijua. Niende?"

"Uende wapi wakati tuna msiba? Kakae na wanaume pale motoni. Tukianua matanga, mtume mshenga wako."