Sauti ya Mwalimu Nanyama

Kila asubuhi Dorca alichota maji kwenye kioski cha mtaa wa Nyalenda, akamwachia mamake mtungi, kisha akakimbia shuleni. Katika darasa la Gredi ya Sita alikaa dawati la nyuma kabisa. Wanafunzi walibanana wanne wanne, na mvua ilipopiga mabati, maneno ya Mwalimu Nanyama hayakufika huko nyuma.

"Mwalimu, hatusikii!" Dorca aliita.

Mwalimu akapaza sauti. Wanafunzi nao wakapaza zao. Ilikuwa hivyo tangu muhula uanze, mpaka Jumatatu moja alipofungua kinywa pakatoka mkwaruzo tu. Mwanafunzi mmoja, Absalom, akamwigiza, darasa likaangua kicheko. Mwalimu aliweka chaki mezani, akatoka.

Hakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata, na hakuletwa mwingine. Dorca aliutazama ubao mtupu, amevunjika moyo. Mwalimu huyo ndiye aliyemkalisha kando wakati wa chakula cha mchana, akamfundisha silabi kwa silabi, hadi akajua kusoma. Dorca aliamini kwamba ni yeye, kwa kuita "hatusikii" kila siku, aliyemharibia mwalimu koo.

Jumamosi alimkuta mwalimu katika soko la Kibuye akichagua nyanya.

"Mwalimu, nisamehe. Ni mimi nilikuwa nakusumbua kila siku."

"Si wewe, mwanangu," mwalimu alinong'ona. "Koo limeumia. Daktari anasema nikiendelea kupiga kelele, sauti haitarudi. Sasa mwalimu bila sauti ni wa nini? Naacha kazi."

Dorca alilia njia nzima hadi nyumbani.

Jumatatu alimwendea naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Obiero, akamweleza yote. 

"Na sisi wenzake hatujaenda hata kumjulia hali," mzee huyo alisema, akashusha pumzi.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Nanyama, akamsihi asiache kazi, kwani angemsaidia kufundisha bila kupiga kelele. Koo lilipopata nafuu, walimu hao wawili waliingia darasani pamoja, wakapanga madawati kuzunguka nafasi ya katikati. Mwalimu Nanyama alisimama hapo, chupa ya maji mkononi, akainua mkono. Kelele ziliendelea. Akangoja. Dorca alidhani atatoka tena. Hakutoka. Absalom alikuwa wa mwisho kunyamaza, akainamisha kichwa.

"Habari zenu," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. Kila mtu alisikia.

Sauti yake haikurudi kama zamani, lakini kazi hakuiacha.

"Mwalimu anayeshindana na kelele anajimaliza bure," Mwalimu Obiero aliwaambia wanafunzi siku hiyo ya kurudi kwake. "Asimame karibu na wanafunzi, angoje watulie, apumzishe koo. Akilemewa, awaambie wenzake mapema. Nanyi mlicheka mtu akiumia mbele yenu. Tulichelewa sote, walimu na wanafunzi. Ukimwona mtu anaelemewa, msaidie kabla hajaanguka."