Pigo Zito la Abitano

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, wanafunzi wanne wa lugha ya Kiitaliano walijazana kwenye meza ya pembeni maktabani. Walizigawa silabi za vitenzi kwa kupiga meza kwa mkono: silabi nyepesi, kidole kimoja, silabi yenye mkazo, kiganja kizima, pwaa! Kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili waliyembandika jina la Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo.

Wiki hiyo Chiriku alikuwa na kazi moja tu: kusikiliza rekodi ya matamshi iliyotunzwa na mzee wa maktaba, kisha awafundishe wenzake. Hakusikiliza ng'o. Mchezo wa mdako ulimnogea. "Mkazo si huwa silabi ya pili kutoka mwisho? Kama kwetu tu," alijisemea, akawafundisha hivyo hivyo.

Alhamisi mwalimu akaja kuwapima. Wakifaulu, wangesoma jukwaani Jumamosi.

"A-bi-ta-no!" walisoma, viganja vinne vikatua kwenye "ta". Pwaa!

Mwalimu alishika kichwa. "Makubwa! Nani kawafundisha hivyo?"

"Tumefuata rekodi, mwalimu," Chiriku akadakia.

"Basi imeharibika. Mzee, si nilikuomba uitunze?"

Mzee alivua miwani, akaikodolea macho mashine ya kuchezea rekodi. "Labda nimebonyeza vibaya, mwalimu. Nisamehe. Uzee huu."

Chiriku aliinuka. Babu wa watu anaomba radhi kwa kosa lisilo lake! "Mwalimu, mzee hana kosa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sikusikiliza hata mara moja. Nilibahatisha, kisha nikadanganya. Nisamehe, babu."

Mwalimu aliigeukia mashine. Alibonyeza kitufe.

Sauti ya mwanamke ikajaa chumbani: abitano, yaani wanaishi. Pigo zito lilitua mwanzoni kabisa, kwenye "a", kisha silabi tatu nyepesi zikafuata mbio kama watoto wanaoteremka ngazi. Lo! Chiriku alipigwa na butwaa. Kumbe neno linaweza kubeba uzito wote mbele na lisianguke!

"Tena, babu," alinong'ona. Wakairudia mara kumi, vinyweleo vimewasimama, mpaka viganja vyote vikatua panapostahili.

"Jumamosi mtasoma," mwalimu alisema hatimaye. "Ila ataongoza mwenzako, Chiriku. Uvivu umekunyima uzuri huu wiki nzima, na uongo nusura umvunjie mzee wako heshima. Usipojua, sema hujui, mwanangu. Kisha sikiliza."